Nyavu za wadudu wa mtoni: wamegawana maji au mafuriko ndo yanawapa nafasi?

Juzi nimepindua jiwe kwenye kijito kimoja nje ya jiji, ubavuni kuna kautando kametegwa kinatazama maji yanakotoka, kingo zake vipunje vya mchanga vimeshonwa kwa uzi. Huo ni wavu kabisa. Mwenyewe ni lava, yaani mtoto wa mdudu, wa jamii ya Hydropsyche, anayenasa kwa wavu huo chakula kinachopita na maji, kajikunja kama ndoano, na hizi jamaa aina zake huwa zinakaa mto mmoja, kazi moja. Sasa wanaishije bila mmoja kummaliza mwenzake?

Sisi wa huku ziwani jibu linakuja haraka, mvuvi wa dagaa ana wavu wa macho madogo, wa sangara ana wa macho makubwa, kila mtu na samaki wake. Na kwa wadudu iko hivyo kiasi, wanaopenda maji ya kasi wengi wanafuma macho mapana, maji yakitulia macho yanabana. Mwanabiolojia Gause alishaonyesha 1934 kwenye chupa kwamba viumbe wawili wakitegemea chakula kilekile mmoja anaisha, kwaiyo lazima wagawane. Angalia na usubi, lava wa Simulium damnosum anashika mawe na majani penye maji makali, ndugu yake Simulium neavei anajishikiza mwilini mwa kaa wa mtoni!

Ila kwenye nyavu nasita. Wavu unakua na mwenye wavu, lava akijivua ngozi anafuma macho mapana zaidi, kwaiyo mtoto wa aina kubwa anaweza kuwa na macho sawa na mkubwa wa aina ndogo, hapo mgawanyo uko wapi? Wanaopinga wanasema masika ikipiga mawe yanapinduka, wengi wanasombwa, nafasi inabaki ya yeyote atakayewahi, hamna anayefika hatua ya kumshinda mwenzie.

Hoja nzito hiyo, ila ugomvi haiuelezi. Hydropsyche akivamiwa anasugua mguu kwenye kichwa anatoa mlio wa kumfukuza mgeni, akikaidi wanang'atana, na sidhani mdudu angehangaika hivyo kama mawe yapo ya kumwaga. Mi naona ni msimu: kiangazi maji yakipungua wanabanana, hapo macho ya wavu na kasi ya maji vinaamua nani akae wapi, masika wanafagiliwa wanaanza upya. Ndo maana natamani sana vijito vyetu hivi vipimwe mawe yaleyale Agosti na tena Aprili, na wapimaji waandike ukubwa wa lava na macho ya wavu wake, sio jina la aina peke yake.