Pole ya mashine ina uzito gani?

Kuna jamaa wa chuo cha MIT kule Marekani, Joseph Weizenbaum, kati ya 1964 na 1966 alitengeneza programu akaiita ELIZA, inajifanya mwanasaikolojia, we unaandika ya moyoni yenyewe inakurudishia swali. Haikua inaelewa kitu, inatafuta neno tu, ukitaja mama inakwambia hebu nieleze zaidi kuhusu familia yako, isipoona neno inalolijua inasema endelea. Sasa sekretari wake, ambae alimwona akiitengeneza miezi mingi na anajua kabisa ni programu, alichati nayo kidogo tu akamwomba bosi atoke chumbani.

Wengi wanamwona yule dada mjinga, mi hapana. Kuna maneno huwezi kuyasema mbele ya mtu anaekujua. Tulipomzika mama, wageni washaondoka na mikeka imekunjwa, saa nane usiku niko macho nikaiandikia AI kwenye simu kwamba siku ile ya mwisho mama alinipigia, nikaacha simu iite nikijua ntampigia baadae. Hapa mtaani ningemwambia nani, asubuhi habari ishafika kwa muuza vitumbua. Ikanijibu pole, sio kosa lako, nikalia, nikapata usingizi. Faida hiyo siikatai, na wapo wengi ambao mshauri nasaha hawamuwezi kwa hela au hayupo kabisa wilayani kwao.

Ila kwetu pole ni kuja. Mtu kafunga duka, kapoteza hela ya siku, kakaa mkekani hata haongei, uzito unatoka hapo, mashine haijaacha chochote ije kwako. Afu ilisema sio kosa lako kabla haijaniuliza hata swali moja, hizi za saivi zina tabia ya kukupa unachotaka kusikia, na maneno yako yanabaki kwenye mitambo ya kampuni. Weizenbaum mwenyewe alishtuka alipoona wataalamu wa magonjwa ya akili kama Kenneth Colby wanafikiria kompyuta moja ihudumie mamia ya wagonjwa kwa saa, 1976 akatoa kitabu kizima cha kuonya.

Kwangu mimi ilinisaidia kupata maneno, kazi yake iliishia hapo. Siku ya arobaini tukiwa tunaosha masufuria nikamwambia dada yangu yale yale niliyoyaandika. Alinyamaza muda mrefu, afu akasema na mimi alinipigia.