Kijana akiangusha tovuti, nani ahesabu hasara?

Februari 2000, kijana wa miaka 15 kutoka eneo la Montreal, Kanada, aliyejiita MafiaBoy, aliangusha tovuti za Yahoo, eBay, CNN na Amazon. Hakuiba hata senti. Aliteka kompyuta za watu, zikiwemo za vyuo vikuu, akazituma zielemee seva, yaani kompyuta zinazoendesha tovuti hizo, kwa maombi ya uongo, kama umati uliojazana mlangoni pa duka Kariakoo bila nia ya kununua. Alinaswa kwa kujisifu kwenye vikundi vya gumzo. Magazeti yalitaja hasara ya zaidi ya dola bilioni 1. Mahakamani mwendesha mashtaka alitaja kama milioni 7.5.

Pengo hilo linanitisha kuliko umri wa mtuhumiwa.

Kwamba polisi wachunguze shambulio kama hilo, sina ubishi. Mwenye kuuza vitenge mtandaoni hapa Dar, tovuti ikilala wiki ya kuelekea Idi, wateja wanahamia kwa jirani na hawarudi. Mabinti wanaofungasha mizigo wanakaa bure, bodaboda anaondoka. Tena ushahidi wa kimtandao hupotea upesi, ndiyo maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri ya upekuzi na kuchukua vifaa.

Lakini amri hiyo haipiti kwa hakimu, na hapo ndipo hoja ya upande wa pili, ya kumlinda kijana, inapopata nguvu. Laptopu ya kijana, pengine ndiyo ya familia nzima, inageuka kielelezo. Kesi inatajwa, inaahirishwa, "upelelezi haujakamilika". Akiwa na miaka 17, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfunga jela. Akiwa na 19, kwa kosa lilelile, ni mtu mzima. (Wazazi wengi wanajua tu kwamba mtoto "anasoma kompyuta".)

Wapo wanaotaka vijana hawa waajiriwe tu. Kweli, vijana watatu wa Marekani waliotengeneza Mirai, programu ya kuteka vifaa vya mtandaoni ili kuangusha tovuti, waliisaidia FBI wakaepuka jela mwaka 2018, lakini walikiri makosa kwanza. Kuajiri kabla ya kuchunguza ni kumzawadia mwenye kelele.

Tatizo kubwa ni kwamba hasara huhesabiwa na mlalamikaji mwenyewe. Kampuni inajumlisha mauzo iliyoyatarajia, kisha inaongeza gharama za ulinzi ambao ilipaswa kuwa nao tangu mwanzo. Takwimu hiyo ikishaingia kwenye jalada, kila anayelisoma anaanza na picha ya jambazi. Mpelelezi adai kumbukumbu za seva na mauzo ya wiki zilizotangulia, ajue mfumo ulilala saa ngapi hasa, kabla hajaandika shilingi yoyote. Laptopu nayo inakiliwe kitaalamu mbele ya mwenyewe, na kama si lazima kubaki nayo, arudishiwe: kunakili diski ni kazi ya saa chache, ilhali kesi inaweza kutajwa Mahakama ya Kisutu mwaka mzima.