Karatasi ndiyo mlango wenyewe
Mwandishi mmoja anasema Daughters of the American Revolution, chama cha nasaba kilichoanzishwa 1890, kiko wazi kwa mwanamke yeyote anayethibitisha kuwa mhenga wake alisaidia mapinduzi ya Marekani, yaani vita vya kudai uhuru kutoka kwa Uingereza. Kwa kanuni ni kweli, lakini uthibitisho ndio kikwazo, hasa kwa wazao wa watumwa. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi, kwa kawaida bila majina. Wengi waliandikwa kwa jina mara ya kwanza katika sensa ya 1870. Kilembwe wao alete cheti gani? Kitabu ambacho chama hicho kilitoa 2008 chenye majina ya wapiganaji weusi na wenyeji asilia ni kazi kubwa, naiheshimu, ila jina la mpiganaji bila rekodi za watoto wake halimfikishi mtu kwenye uanachama. Kuna aliyefanikiwa kuziba pengo hilo kwa wosia au daftari za mashamba ya mabwana?