Msione haya mpira wa bluu wa skwashi

Ile siku docta alinipima tansio mara tatu. Ya kwanza akanyamaza, ya pili akabadilisha mkono, ya tatu akatoa kile kitambaa akaniangalia: "Papa, unaikala sana." Paka ile. Hakuniambia niache bukari (ugali), hata bia ya Simba hakuitaja, alisema tu nakaa sana, na ukweli ni ule: kitanda, gari, biro, gari, kiti cha plastiki mbele ya parsele, kitanda.

Nilianza na jimu, nikalipa miezi 3 kwa pamoja nikaenda mara 5, hiyo hesabu mke wangu anaijua kwa kichwa mpaka leo. Kisha kukimbia. Sasa we fikiria Lubumbashi mwezi wa 7, bado giza, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, na mtu mzima anatoka na kaputula eti anakimbia. Nilikuwa nafika pa kona kwa yule mama wa vitumbua, nachukua vitatu vya moto, najimwagia maji usoni yawe kama jasho, narudi nyumbani. Nani angejua? Ukiwa peke yako unaweza kujidanganya mwaka mzima.

Skwashi aliniletea shemeki. Tulikuwa marafiki kabla hajamuoa mdogo wangu, kwa hiyo nyumbani namweshimu vile inavyotakiwa, lakini mu kiwanja hakuna cha shemeki, kule ni kuuana. Kama hujawahi kuona, kiwanja ni chumba tu, urefu mita 9.75, upana 6.40, kuta nne, mlango unafungwa nyuma yenu. Unapiga mpira na raketi ku ukuta wa mbele, juu ya lile bati lililo chini ya ukuta, kimo sentimita 48, mwenzio anatakiwa aupige kabla haujadunda chini mara ya pili, na vile mnaendelea. Mchezo ulianzia Uingereza, shule ya Harrow, karne ya 19, na upande wa Zambia klabu za migodi zilikuwa na viwanja vyake tangu zamani. Chetu pia ni cha zamani, kuta zimejaa alama nyeusi utafikiri kuna mtu alizichapa na makaa.

Sasa sikia upumbavu wetu. Shemeki alinunua mpira wenye doti mbili za manjano, sababu muuzaji alimwambia njo wenye mabingwa wanacheza nao. Tunapiga, unagonga ukuta, unaanguka pale chini pwaa kama nyanya iliyooza. Tunaokota. Tunapiga tena. Tunaokota. Wiki 3 nzima mgongo uliniuma kwa kuinama, si kwa kucheza, na nilishaanza kusema huu mchezo ni wa wazungu waachiwe wenyewe.

Kumbe kosa ni la mpira. Ule mpira ni raba tupu ndani, gramu 24 hivi, ukiwa baridi hauruki hata uulilie. Unapopigwa mfululizo raba inapata joto, hewa ya ndani inatanuka, njo unaanza kuwa mpira. Wenye doti mbili ndio unaruka kidogo kuliko yote, umetengenezewa watu wanaopiga kwa nguvu na hawakosi, wao wanaweza kuuweka na joto mechi nzima. Sisi tunapiga mara 3 tunakosa, unapoa, na baridi ya mwezi wa 7 inaongezea yake. Doti moja ya manjano unaruka zaidi kidogo, mwekundu zaidi tena, bluu ndio wa kuanzia, na mara nyingi hata umbo lake ni kubwa kidogo, unauona vizuri unapokuja.

Aliyetuokoa ni muzee mmoja pale klabu, mtu wa kimya sana. Alitutazama toka juu ku balkoni kama dakika 10, akashuka, akaingiza mkono mfukoni, akatupa mpira wa bluu kwa shemeki, akarudi zake juu. Siku ile kwa mara ya kwanza tulipiga mara 17 bila kukosa, tunahesabu kwa sauti kama watoto wa kuruka kamba, nilipokosa ile ya 18 nikakaa chini kwenye mbao, moyo unapiga mpaka ku masikio. Shemeki amesimama juu yangu anacheka hana pumzi: "Yaya, simama, bado hatuyaanza!"

Kwa hiyo mi nasema hivi, na vijana wanicheke tu (mmoja alishaniambia "papa, ile ni ya batoto"): kama mnacheza wawili kwa ajili ya afya, chukueni bluu au mwekundu na msione haya. Jahangir Khan wa Pakistan alimaliza zaidi ya miaka 5 bila kushindwa mechi, toka 1981 mpaka 1986, yule mpe doti mbili. Weye na kitumbo chako unatafuta nini kule? Jasho halitoki kwa kuokota mpira, linatoka mpira ukiendelea, unakimbia mbele kuzuia ule mfupi, unarudi katikati pale mistari inapokutana, unakimbia kona ya nyuma, unarudi tena katikati, pumzi mbili, unaanza. Dakika 40 za vile na shati unaweza kulikamua.

Wachezaji wa zamani wanapenda kusema hauchezi skwashi upate nguvu, unatafuta nguvu kwanza ndipo ucheze. Kidogo wana haki. Mtu ametoka ku kiti cha plastiki moja kwa moja akaingia mule kwa hasira, anaweza kutolewa amebebwa, na mwenye tansio kama mimi aongee na docta kwanza. Mi nilianza na dakika 20 na kutembea kwa miguu jioni. Lakini ukingoja mpaka uwe na nguvu hautaingia hata siku moja.

Na macho. Nunueni miwani ya kuchezea. Ule mpira una milimita 40 tu, unaenea vizuri kabisa mu tundu la jicho, ngumi isingefika pale. Mi ulinipiga juu ya nyusi, nilikwenda kazini na uvimbe wiki nzima, wenzangu mu biro wanauliza kwa upole kama nyumbani kuko amani.

Kwa nini na rafiki, si na mwalimu? Sababu shemeki hawezi sana. Mimi pia siwezi. Leo ananipiga 11 kwa 8, kesho mi nampiga, na kila mmoja anarudi nyumbani anajua angeshinda kama si ile leti, ile ya kurudia mpira sababu mwenzio alikuwa mu njia yako. Kwa leti anazoomba shemeki, angekuwa avoka, wakili wa mahakamani. Na yule muzee wa kimya kumbe anahesabu bado kwa kanuni ya zamani, mpaka 9 na anayeanzisha tu njo anapata pointi, ukicheza naye mnaweza kukimbia nusu saa na ubao bado unasema 2 kwa 1.

Kuna jioni bakakata umeme katikati ya mpira. Chumba hakina dirisha. Giza tii, nasikia mpira unadunda mahali fulani, tok, tok, tok, na sauti ya shemeki inasema polepole: "Ile ilikuwa yangu." Tulikaa chini migongo ku ukuta tukisubiri, na mule ndani njo aliniambia mambo ya kazi yake ambayo hata mdogo wangu alikuwa hajayasikia. Umeme uliporudi tulirudia ile pointi. Nilishinda mimi.

Tansio imeshuka, dawa bado nakunywa. Leo ni siku ya posho (jumamosi), na shemeki ameshaandika, haulizi kama nakuja, anaandika saa tu: 17h30. Mwezi uliopita tulihamia kwenye mwekundu. Baridi imeanza tena, kwa hiyo mpira niko nao mu mfuko wa suruali toka asubuhi, naufinyafinya kila saa usije ukapoa.