Kuanika dagaa si mazoezi

Juzi kwenye kicheni pati hapa Mwanga, Kigoma, mgeni mmoja kutoka Dar kashika maiki akatutania: Pilates na yoga ni mambo ya watu wa ofisini, nyie wa Kigoma mnabeba dagaa kutwa, mazoezi ya nini tena? Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya bibi harusi, lakini hapa kwangu sina wa kumstahi.

Dada yangu, umewahi kufika mwaloni Kibirizi saa nne asubuhi? Mwangalie mama anayeanika. Miguu kaisimamisha wima, kiuno kakikunja, mkono mmoja juu ya goti, mwingine unageuza dagaa mchangani. Yuko hivyo mpaka jua limkolee. Wingu likitanda upande wa Kongo anakusanya mbio, bado kainama vilevile. Jioni beseni kichwani. Kabla hajafika hamsini anatoka kitandani kwa kushika ukuta. Hayo ndiyo mazoezi mnayotupigia makofi? Kazi inakamua misuli ileile, kwa mkao uleule, kila siku ya Mungu. Zoezi lina kazi ya kuitafuta ile iliyolala.

Ndiyo maana mimi ni mtu wa Pilates. Lala chali mkekani, nyoosha miguu, vuta kitovu ndani. Ingiza pumzi puani mpaka mbavu zitanuke kwa pembeni, itoe mdomoni huku unanyanyuka, pingili moja moja ya mgongo, mpaka ukae. Rudi chini vilevile bila kujitupa. Ukirudia mara chache tu tumbo linatetemeka, hata kama umezoea kubeba gunia. Linalofanya kazi hapo ni misuli ya ndani ya tumbo na mgongo. Kuna na mazoezi ya kuikaza ile ya chini ya nyonga, ambayo mama aliyezaa mara tano anaijua vizuri: akitaka kupiga chafya anabana mapaja kwanza, mkojo usimponyoke. Hilo tunalichekea vikaoni, halafu kila mtu anakwenda kuteseka kwake. (Ila kama mgongo unauma na mguu unakufa ganzi, hospitali kwanza, mkeka baadaye.)

Eti Pilates ni mambo ya watu wa ofisini, ya matajiri! Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883 na aliyeyabuni mazoezi haya, alikuwa mtoto mgonjwa wa pumu na matege. Vita vya Kwanza vilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini Kisiwa cha Man kwa kosa la kuwa Mjerumani. Mwaka 1916 Wajerumani wenzake wanaizamisha meli ya Graf von Götzen, Liemba yetu hii ya Ziwa Tanganyika, yeye kafungiwa huko anawafundisha mahabusu wenzake mazoezi. Matajiri na wacheza dansi wa New York walikuja baadaye, na vile vitanda vya springi vya kufanyia Pilates ndivyo mnavyoviona Instagram. Mazoezi ya chini hayadai kitanda.

Yoga sina ugomvi nayo, japo walimu wake wa mtandaoni wananichosha kwa kunong'ona. Haya, nakubali: pozi la nyoka, unapolala kifudifudi na kuinua kifua, linamfaa sana mtu aliyeinama kutwa. Na kama tatizo lako ni usingizi na mawazo ya mkopo, yoga inakupitisha mlango ambao Pilates haiujui. Ile ya kukaa kwenye pozi moja, pumzi ikiingia na kutoka puani taratibu, inatuliza. Lakini tusidanganyane kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kwa Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga huko India, yoga ina matawi manane, na mapozi ni tawi moja tu. Safari yenyewe ni ya kutuliza akili na roho. Pilates inataka akili pia, ila inaitaka ikae kwenye kitovu na mbavu. Anayeogopa kwamba yoga ni dini ya watu afanye Pilates, aache kutuhubiria.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kumbi za harusi mjini hapa zinafungwa kufuli Jumatatu mpaka Alhamisi. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinakutana kila wiki, tunakaa kwenye viti vya plastiki tukilalamikia migongo, kisha tunachangia sare ya harusi ya mtu. Mwezi mmoja tuahirishe sare, tumlipe mtaalamu wa viungo aje atuonyeshe. Mkeka kila mtu aje na wake.