Stars na Msumbiji, nani yuko juu? Inategemea unapima kwa nini

Huku Mtwara ubishi wa nani mkubwa kisoka kati ya Taifa Stars, timu yetu ya Tanzania, na Msumbiji hauishi leo wala kesho. Wamakonde wapo ng'ambo zote mbili za Ruvuma, na kwenye kibanda umiza kimoja unamkuta shabiki wa Stars amebanana benchi moja na binamu yake anayewashangilia Mambas, timu ya Msumbiji. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2025 kule Morocco imeuchochea upya, maana timu zote mbili zilitinga 16 bora kwa mara ya kwanza.

Anayetetea Msumbiji anaanza na hesabu. Wamecheza fainali hizi mara sita: 1986, 1996, 1998, 2010, 2023 na 2025. Sisi mara nne: 1980, 2019, 2023 na 2025. Kule Morocco waliifunga Gabon 3-2, ushindi wao wa kwanza katika historia ya AFCON. Stars wamecheza mechi 13 za fainali na hawajashinda hata moja. Ukijumlisha pointi za miaka yote, wenzetu wako juu, hakuna cha kubishana.

Anayetetea Stars anarudi 1980. Mwaka ule fainali za Nigeria zilikuwa na timu nane tu, kwa hiyo kufuzu kwenyewe kulikuwa ni kuingia nane bora za Afrika, na wazee bado wanalisimulia bao la Peter Tino kule Ndola lililowatoa Zambia. Leo timu ni 24, na Stars walivuka makundi kwa sare mbili, dhidi ya Uganda na Tunisia, wakapita kama mmoja wa washindi wa tatu bora. Je, 16 bora ya pointi mbili ni kubwa kuliko nane bora ya 1980? Mimi nasema hapana. Ila hoja hii isitumike upande mmoja. Msumbiji nao walipofuzu 1986 timu zilikuwa nane vilevile. Tofauti ni kwamba wao walipoteza mechi zote tatu, wakati Stars walitoka Nigeria na sare ya 1-1 dhidi ya Ivory Coast.

Ukishakubali kwamba idadi ya timu ina uzito, lazima uende nayo hadi juu kabisa, kwa Misri. Wana makombe saba, na hakuna mwingine Afrika mwenye mengi hivyo. Lakini kombe la 1957 walilibeba kwa mechi mbili: Sudan 2-1, kisha Ethiopia 4-0. Timu zilikuwa tatu, baada ya Afrika Kusini kuondolewa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. La 1959 nalo lilikuwa la timu tatu zilezile. Wakati huo kijana wa Mtwara alikuwa chini ya Mwingereza na wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, chini ya Mreno. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na taifa huru la kupeleka timu. Ghana nao walitwaa la 1963 kwa mechi tatu. Ivory Coast walilazimika kucheza saba kutwaa la 2023.

Wapo wanaojibu kwamba bingwa hushindana na waliopo, na si kosa la Misri kwamba wengine walikuwa bado hawajapata uhuru. Ni kweli, na kombe halifutwi. Zaidi ya hapo, Misri walibeba matatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010, wakati timu zilikuwa 16 na kila moja likidai mechi sita. Kwangu hayo matatu yanatosha kuwaweka namba moja hata ukiyapunguzia uzito yale mawili ya mwanzo.

Lakini idadi ya makombe nayo ina upofu wake. Mwaka 2012 Ivory Coast walimaliza mashindano yote bila kuruhusu bao, wakapoteza fainali kwa Zambia kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2023 wakiwa nyumbani walipigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, wakavuka kundi kwa tundu la sindano, na kombe wakalibeba. Ukihesabu makombe tu, timu ile ya 2012 haipo kabisa.

Jedwali la pointi nalo linaondoa ladha kwa namna yake. Msumbiji 2023 walitoka sare ya 2-2 na Misri, kisha 2-2 na Ghana, nchi mbili zenye makombe 11 kati yao. Kwenye jedwali ni pointi mbili tu, sawasawa na sare mbili dhidi ya yeyote. Watu wa Lindi wanalijua hili: Namungo ya Ruangwa ilipofika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21 ilimaliza mkiani, na asiyejua ataona timu dhaifu, si klabu ya wilayani iliyokuwa imepanda Ligi Kuu 2019.

Kipimo ninachokikubali kinaangalia timu ilifika hatua gani ukilinganisha na idadi ya walioshiriki, halafu inamfanya nini mpinzani mkubwa. Kwa hicho, Msumbiji wako juu ya Stars kidogo, kwa zile sare za 2023 na ushindi dhidi ya Gabon, na 1980 yetu inaziba sehemu kubwa ya pengo ambalo hesabu ya ushiriki inalionyesha. Na hesabu hiyo ya ushiriki itazidi kupotosha: AFCON ya 2027 tumepewa kuiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na mwenyeji hufuzu bila kupigania nafasi. Mara ya tano hiyo nisingeihesabu mpaka Stars washinde mechi.