Mama akipigwa, mbona kesi ya watoto inamwangukia yeye?

Hapa kwetu Tororo, mashariki mwa Uganda, mama akikimbia kipigo usiku na watoto wakabaki, kukicha tu maneno ni yale yale, ametupa watoto, mama gani huyo. Akivumilia akabaki, siku mtoto akiumia ataulizwa ulikuwa wapi, mbona hukumkinga. Aende kosa, abaki kosa, na aliyeinua mkono yuko senta na mrija wake wa malwa, pombe yetu ya kienyeji.

Nimekaa kwenye kikao cha LC1, baraza la kijiji, nikamwona mama mkono umening'inizwa shingoni kwa kipande cha kitenge, jicho limevimba halifunguki, na swali la kwanza kuulizwa likawa "watoto umemwachia nani?" Mkono umevunjwa na nani, hakuna aliyeuliza. Iliniuma sana, bado inaniuma.

Na sheria yenyewe wala haisemi hivyo jamani. Kosa la kumtupa mtoto wa chini ya miaka 14 ni pale mzazi mwenye uwezo anapomwacha makusudi, bila sababu ya maana, mtoto akabaki hana wa kumtunza. Sasa kukimbia panga si sababu ya maana? Sheria ya Watoto nayo inamtaka anayeishi na mtoto amlinde na ukatili, sawa kabisa, lakini baba naye si anaishi na huyo mtoto? Huo wajibu anaanza kuuvunja yeye.

Huko New York waliwahi kuwanyang'anya kina mama watoto kwa sababu tu watoto wameona mama anapigwa, mpaka mwaka 2004 mahakama ya juu ya jimbo, kesi ya Nicholson, ikasema mtoto kushuhudia peke yake haitoshi kumhukumu mama, lazima uangalie hatari aliyokuwa nayo akiondoka na hatari akibaki. Hapo ndipo na sisi tungeanzia, kwa sababu kuondoka kwetu ni kazi ngumu. Mahakama ya Juu ya Uganda ilishasema mwaka 2015, kwenye kesi ya MIFUMI, shirika la kutetea haki za wanawake, kwamba kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ivunjike ni kinyume cha katiba, lakini nenda kijijini usikie watu wanavyoulizia ng'ombe zao, mpaka wazazi wa binti wanamrudisha wenyewe kwa mume.

Mama akijua akisema ukweli atanyang'anywa watoto, atanyamaza. Zahanati atasema nilianguka. Na mtoto ataendelea kuishi mle mle.

Tangu 2010 tuna sheria ya ukatili wa majumbani, hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi mwanamume ndiye akae mbali na nyumba, watoto wabaki na mama yao na waendelee na shule. Wenyeviti wa LC, ni mama wangapi mmewaelekeza kwa hakimu wakaombe hiyo amri, badala ya kuwaambia warudi wakavumilie?